Amotisa za Kumbeba Mama Mkwe

Majirani wangu wa Mususa, mtaa wa Butembo, waliiita pikipiki yangu kitanda. Siwalaumu. Ni ndefu, imelala chini, usukani wake umepanuka kama pembe za ng'ombe, kiti chake cha ngozi nyeusi ni kipana, na nyuma kabisa kuna kiegemeo chenye mto ambapo abiria anaweza kupumzisha mgongo. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahamia Kampala haraka haraka, wakati duka langu la sabuni na chumvi lilikuwa bado linatembea na mimi nilikuwa bado najiona mtu. Ni pikipiki iliyotengenezewa nchi za lami. Mimi nikaileta Butembo. Mke wangu alipoiona siku ya kwanza aliizunguka polepole, akaubonyeza ule mto, akauliza, "Na mashuka yake iko wapi?" Nilimnunia mpaka jioni.

Ubaya wake ulikuwa nyuma. Pikipiki za namna ile zina amotisa fupi, yaani zile springi mbili zinazobeba mgongo wa pikipiki juu ya gurudumu. Zikiwa fupi, kwenye shimo dogo tu zinafika mwisho, chuma kinagonga chuma, na aliyekaa nyuma anarushwa mbele juu ya dereva. Dereva mwenyewe hasikii sana. Mke wangu aliuma ulimi safari mbili tatu, kisha akaamua kwenda sokoni kwa miguu, akisema miguu yake angalau inamuomba ruhusa kabla ya kumwangusha.

Kila mwaka nilisema nitazibadilisha. Halafu njia ya Kanyabayonga, ambako nilikuwa napeleka bidhaa, ikafungwa na vita, duka likaishiwa pumzi, na pikipiki ikakaa chini ya turubai nyuma ya nyumba, kuku wakataga juu ya kiti chake. Ingekuwa pale hadi leo kama mke wangu asingeugua.

Ulikuwa uvimbe tumboni. Daktari alisema upasuliwe, na upesi, kila juma lina maana yake. Tulirudi nyumbani. Mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, akavipanga vizuri, akaniambia, "Miye siwezi ingia mule kama siyaona mama."

Nilidhani ni woga, na kwamba utapita. Haukupita. Nilimbembeleza, nikamletea dada wa parokia aje kumbembeleza, nikamgombeza pia, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mtu aliyechoka hugombeza. Nilikuwa nafua, napika uji ambao hakuula, nafungua duka saa nne watu wakiwa wameshanunua kwingine. Alinisikiliza hadi mwisho kila mara. Kisha: "Nimesikia. Lete mama."

Mama yake alikuwa Beni. Kwa gari nzima si mbali, asubuhi moja inatosha. Lakini kumtoa mama yule Beni ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Alikuwa amekimbia kijiji chake akiwa amefungiwa ndani ya lori, watu juu ya watu, turubai limefunikwa juu yao, na toka siku hiyo hakupanda tena kitu chochote chenye mlango. Akisikia tu harufu ya gari, anatapika. Taksi-moto, pikipiki za abiria (kwetu pikipiki ni moto), nazo alizikataa kwa sababu nyingine: vijana wale wanapakia abiria wawili, na yeye, mwanamke wa umri wake, hakuwa tayari kubanwa katikati ya wanaume asiowajua. Watoto wake wa kiume walikuwa upande wa pili wa mstari wa vita, hakuna aliyeweza kuja. Nilibaki mimi, mkwe.

Na mimi ndiye mtu mmoja ambaye hakutakiwa kabisa kumbeba. Kwetu Wanande, hasa kwa watu wa rika lake, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawali sahani moja, hawakai kiti kimoja, wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini. Vijana wa siku hizi wanapiga picha za arusi wamekumbatiana na mama mkwe, na sijasikia aliyekufa. Mama mkwe wangu hakuwa wa siku hizi. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisemesha uso kwa uso. Tukiwa sebuleni atamgeukia binti yake: "Uliza bwana yako kama atakunywa chai." Mimi nimekaa pale, kikombe nakiona, na ninamjibu mke wangu kwamba ndiyo, nitakunywa. Nilimheshimu kwa hilo. Pia lilinichosha, lakini hilo halisemwi.

Basi mke wangu, akiwa kitandani, ndiye aliyepata wazo. "Ile kitanda yako," aliniambia, "iko na mahali ya kuegemea." Maana yake: mama angeweza kukaa nyuma kabisa, mgongo kwenye kiegemeo, mikono ameshika vyuma vya pembeni, na kati yake na mimi pabaki nafasi ya kupita upepo. Alimpigia mama yake simu. Mazungumzo yalikuwa marefu, kwa Kinande, nusu yake kicheko cha upande huu na ukimya wa upande ule. Mwishowe jibu lilitoka. Mama atakuja, kwa sharti kwamba asimguse mkwe wake njia nzima. Nilitoa wazo tuweke mto katikati. Wazo lilikwenda Beni kwa simu na kurudi: mtu aliyegongwa kupitia mto, amegongwa.

Kwa hiyo kila kitu kiliangukia zile amotisa. Nikizibadilisha, mama atakuja. Mama akija, mke wangu ataingia kupasuliwa. Niliondoa turubai, nikafukuza kuku, nikachukua utepe wa kushonea wa mke wangu, nikapima kutoka tundu la bolti la juu hadi tundu la bolti la chini. Nilimpigia mfanyabiashara mmoja ninayemjua anayenunua spea Kampala. Nikamwambia nataka ndefu zaidi, za pikipiki kubwa, zenye springi ambayo juu imelegea na chini imekaza, ili shimo dogo limezwe, na kwenye shimo kubwa zisifike mwisho.

"Ya kubeba kilo ngapi?" aliuliza.

"Nataka laini."

"Laini? Papa, uko muzima?"

Zilifika kwa njia ya Kasindi, mpakani na Uganda, ndani ya katoni lililolowa, nyeusi, zinang'aa, nzuri kuliko kitu chochote kilichokuwa nyumbani kwangu wakati ule. Nilizipeleka kwa fundi wangu. Karakana yake iko kwenye mteremko palepale Mususa, bati nne juu ya miti, na mbele yake kila asubuhi kuna foleni ya pikipiki za kazi: za mbao, za makaa, za samaki wa Kyavinyonge ambazo unazinusa kabla ya kuziona. Yeye ni Mwislamu, wa ukoo wa wasafirishaji wa Beni, mtu wa maneno mengi na mikono ya haraka. Nilimwambia nataka laini. Nilisema mara moja na nikaondoka, kwa sababu mke wangu alikuwa peke yake.

Kazi haikwenda kirahisi. Tundu za amotisa mpya zilikuwa pana kuliko bolti za zamani, ikabidi zichongwe bushi za chuma za kujaza nafasi. Zilipofungwa, mkia wa pikipiki ukainuka na mnyororo ukaanza kusugua mkono wa gurudumu. Akauhamisha kwa kipande cha mpira. Halafu bekiye, ule mguu wa kuegeshea, ikawa fupi, na pikipiki ikisimama inainama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Akachomelea kisahani cha chuma chini yake. Kila siku nilipita nikitoka hospitali kuchukua dawa, na kila siku palikuwa na kitu kingine. Mke wangu aliuliza tu kwa macho. Nikamwambia kesho. Nilichukia hilo neno.

Siku alipomaliza, nilikaa juu ya kiti. Hakikushuka hata kidole.

"Imekaza," nilisema.

Akafurahi. "Ndiyo! Nimekukazia muzuri, papa. Na ile ya kukaza, ni bure."

Ningetakiwa kuuliza. Lakini jua lilikuwa linazama, nilikuwa sijala, nikamwambia wasingya, yaani asante, na nikaondoka. Nilijiambia labda vitu vipya vinahitaji kuzoea.

Mke wangu alitaka jaribio. Hakuweza kutoka nje, ila akili yake ilikuwa imebaki kali kuliko yangu. "Chukua bidoni ya maji," alisema, "usifunge na kamba. Isimamishe pale mama atakaa, iegemee. Ikikuja kukugonga, mama naye atakugonga." Nilijaza bidoni ya njano, dumu la plastiki, nikaisimamisha kwenye kiegemeo, nikashuka nayo mteremko. Kwenye shimo la kwanza iliniparamia mgongoni. Kifuniko kikafunguka. Nilirudi nyumbani nimelowa kutoka shingoni hadi ndani ya viatu, na mke wangu aliniona mlangoni akacheka hadi akajishika tumbo kwa maumivu, huku akisema, "Mama amekukojolea." Sikumbuki kama nilicheka. Natumaini nilicheka.

Asubuhi nilimrudia fundi nikiwa na hasira iliyolala nami kitanda kimoja.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema laini. Lakini papa, kila mutu anasemaka vile! Kisha anabeba mifuko tatu ya makala, moto inakaa chini, anarudia hapa kunitukana. Batu ya Butembo banabebaka. Weye utabeba nini?"

"Mama mkwe."

"Sasa mama mkwe haiko muzigo?"

Watu wa foleni wakacheka. Nilitazama zile amotisa zangu kwa makini na nikaona alichonifanyia. Ile pete ya chini inayozungushwa ili kukaza springi alikuwa ameipandisha hadi ngazi ya mwisho. Na katikati ya mizunguko ya springi, ambapo zilitakiwa kupumua, alikuwa amechomeka vipande vya tairi la lori, amevikata vizuri, amevipiga nyundo hadi ndani. Hivyo ndivyo inavyofanywa kwetu. Hakuna pikipiki inayopita kwenye mikono ya fundi wa Butembo bila kukazwa, na anayekukazia bure anakuonyesha upendo. Pikipiki inayozama mtu akikaa inamtia fundi aibu. Watu wanauliza imetoka karakana ya nani.

Ilibidi niseme. Sikutaka kusema, kwa sababu kumzungumzia mama mkwe wako na mwili wake kwenye mdomo wa karakana ni kumvunjia heshima, na ndiyo maana sikusema toka mwanzo. Nikamvuta fundi pembeni. Nikamwambia mke wangu ni mgonjwa, hataki kupasuliwa bila mama yake, na mama yake hatakiwi kunigusa njia nzima kutoka Beni.

Mama mzazi wa fundi ni Mnande, sikuhitaji kumfafanulia zaidi. Aliweka spana chini.

"Papa," alisema, "mbona hukusema? Ile haiko mambo ya moto. Ile ni mambo ya heshima."

Aliacha pikipiki zote za foleni, pamoja na ya samaki, ambayo mwenye nayo alilalamika, akashika ya kwangu. Aliutoa ule mpira wa tairi kipande kwa kipande kwa bisibisi. Akateremsha pete ngazi moja, akaikalia, akateremsha nyingine, hadi ya chini kabisa. Akaona haitoshi. Akafungua miguu ya mbele, akamwaga mafuta yake ambayo yalikuwa mazito kama uji uliopoa, akaweka mepesi. Kisha akafanya kitu ambacho bado kinanichekesha siku nikiwa na nguvu za kucheka. Alichukua kitenge cha kufutia mikono, akajifunga kichwani, akapanda nyuma yangu, mgongo kwenye kiegemeo, mikono pembeni, amelegeza mwili wote. "Sasa miye ni mama mkwe yako," alisema. "Enda. Tafuta mashimo." Tulipita Mususa yote namna ile. Wanawake wa mihogo walipiga vigelegele. Kila baada ya shimo nilimuuliza, naye akajibu kwa sauti nyembamba ya kike, "Siyakugusa, mukwe." Pikipiki ilikuwa inainuka na kushuka polepole, kama mtu anayepumua usingizini. Tuliporudi alivua kitenge na hakutaka kusikia habari ya malipo ya siku ile.

Nilikwenda Beni kesho yake alfajiri. Njia ilikuwa ni vumbi, mashine za barabara, malori yamekwama yakingojea malori mengine yaliyokwama, na wanajeshi kwenye vizuizi. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi aliizunguka pikipiki, akauliza kwa Lingala, "Oyo moto to mbeto?" Hata kwa Lingala ilikuwa kitanda. Nilicheka naye ili nipite.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake cha kupanga, amevaa vitenge viwili juu ya sketi, furushi magotini. Aliinuka. Hakunitazama. Aliendea pikipiki, akabonyeza kiti kwa kiganja mara kadhaa, namna watu wanavyobonyeza godoro dukani, kisha akapima kwa mkono wake nafasi kati ya mahali pangu na mahali pake. Jirani yake alimsaidia kupanda. Nikangoja, macho mbele, hadi niliposikia kiti kimetulia.

Tulikuwa hatuna mtu wa kutusemea. Sikuwa nimelifikiria hilo. Tulitoka Beni kimya, na kimya kile kilinitisha, kwa sababu angeweza kuanguka na asiseme. Baada ya muda nikasikia sauti nyuma yangu:

"Kitanda! Polepole."

Ni mke wangu aliyekuwa amemwambia jina la pikipiki. Nikapunguza mwendo. Mbele kidogo: "Kitanda, simama. Iko mutu anataka kushuka." Nikasimama, nikatazama bonde upande wa pili hadi aliporudi. Nilitaka kumuonya juu ya kipande kibaya kilichokuwa mbele, nami nikaona hakuna njia nyingine, nikainama juu ya tangi la mafuta: "Kitanda, huko mbele kuna mashimo makubwa. Watu washike vizuri."

Basi tukazungumza. Mimi na mama yule, ambao hatukuwa tumewahi kubadilishana neno, tulizungumza kutoka kule hadi kijiji cha Maboya na kuendelea, kila mmoja na pikipiki. Aliuliza kama duka linaendelea. Nikaiambia pikipiki ukweli. Aliuliza nani anafua. Kisha amotisa zikapanda na kushuka kwa muda mrefu, na akauliza kwa sauti ya chini, "Kitanda, mutoto yangu anakulaka?"

Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba anakula. Daktari, dada wa parokia, majirani. "Hapana," nilisema. "Kitanda, hakuli. Siku nyingi sasa. Anaficha chakula kwenye bakuli la paka, na mimi najifanya sioni."

Tulifika Butembo kabla ya mvua. Hakunigusa, si kwa goti, si kwa ncha ya kitenge.

Sikuingia chumbani pamoja nao. Nilisikia mlio mmoja wa mke wangu, kama wa mtoto aliyeamshwa, kisha Kinande cha chini chini kwa muda mrefu. Nilipoitwa, mama alikuwa amekaa kitandani, kichwa cha binti yake kwenye mapaja yake, anamsuka. Mke wangu alinitazama kutoka pale.

"Amekugusa?"

"Hata kidogo."

"Uliza mume wako," alisema mama yake akitazama nywele, "ile moto alinunua wapi. Iko muzuri." Mke wangu aliniuliza, akijikaza asicheke. Alikula uji jioni ile. Nilikaa nje kwenye hatua ya mlango nikasikia kijiko kikigonga bakuli na uchovu wote wa miezi ile ukanijia mara moja.

Alipasuliwa siku chache baadaye. Alikuwa ametimiza neno lake na sisi la kwetu. Daktari alitoka mapema kuliko alivyosema angetoka, na nilijua kabla hajavua kofia. Walifungua wakafunga. Uvimbe ulikuwa umeenea mahali ambapo kisu hakiendi. Niliuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje, naye akasema ulikuwa umeenea toka zamani, kabla hatujaanza kusumbuka na chochote. Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Nimechagua kumwamini, angalau siku nyingi.

Tulimleta nyumbani. Mama yake alichukua kila kitu: kufua, uji, kumgeuza, kumsuka. Mimi nilirudi dukani kama mtu, saa moja asubuhi. Nikirudi jioni nilikuwa nakaa kwenye kiti changu mlangoni mwa chumba na mama kwenye kiti chake kando ya kitanda, na mke wangu katikati akipeleka maneno yetu huku na huku, hadi sauti yake ilipokuwa ndogo sana. Hata hapo hatukumruka. Mama angesema, tungengoja, mke wangu angefumba macho kuonyesha kwamba amesikia, nami ningejibu. Alifariki wakati wa mavuno ya maharage, asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kufungua duka.

Sitaandika juu ya maziko. Watu walikuja, walikula, walikwenda.

Matanga yalipokwisha, mama alimtuma jirani aniambie kwamba anataka kurudi Beni. Nilisema kwa jirani yule yule kwamba nyumba ni yake, anaweza kukaa. Jibu lilikuja kwamba anashukuru, ila ana mihogo yake. Nikaitoa pikipiki. Fundi alipita bila kuitwa, akakagua bolti za amotisa moja moja, akatazama kama zimebaki pale alipoziacha, akaondoka bila maneno mengi, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Tuliondoka asubuhi. Nilingoja aanze kuisemesha pikipiki. Hakuisemesha. Niliiambia pikipiki kwamba mbele kuna matope, hakuna aliyejibu. Tulipita Maboya kimya. Nilifikiri juu ya jambo ambalo kila mtu aliyekuwa matangani alilifikiri na hakuna aliyelisema: binti akiwa amekufa, na watoto hatukujaliwa, mimi na mama huyu sasa ni nani? Nikimfikisha Beni, hakuna tena kitu kitakachonirudisha mlangoni pake. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba wazo lile nililibeba kama mzigo mwingine tu wa nyuma.

Baada ya Kabasha, kijiji kingine cha njiani, nilisikia kitu mgongoni. Nilidhani furushi lake limelegea. Kisha mikono yake miwili ikashika koti langu, upande huu na upande ule, na uzito wa kichwa chake ukatulia kati ya mabega yangu. Kwanza nilitazama barabara, kutafuta shimo lililomrusha. Kipande kile mashine zilikuwa zimekisawazisha juzi. Kilikuwa kimenyooka, kimeshindiliwa, hakina hata jiwe.

Nilihisi koti likilowa. Na mimi nililia, waziwazi, malori yakitupita. Palikuwa na mahali pazuri pa kusimama upande wa kulia, pana kivuli, wasafiri wote hupumzika pale. Sikusimama. Nilijua nikisimama atajiondoa, nikaendelea kuendesha, polepole, hadi Beni.